Kabla ya kumleta farasi wa Ngong ufuoni, mpapase miguu

Mwezi uliopita, baada ya Isha, simu iliingia kutoka Lucky Summer, Nairobi. Alikuwa mtoto wa ndugu yangu.

"Ami, assalaam alaikum. Tumepata farasi."

Nilimuuliza wamempatia wapi, maana Lucky Summer naijua. Ni mtaa wa maghorofa yaliyobanana, jirani na Baba Dogo na Korogocho, na mnyama mkubwa utakayekutana naye barabarani ni punda wa mkokoteni wa maji. Akacheka. Farasi yuko upande wa pili wa mji, Ngong Road. Ni farasi wa mbio aliyeachishwa kazi: umri miaka sita, dume aliyehasiwa, rangi nyekundu, ana alama nyeupe usoni. "Mzuri Ami, ukimuona utadhani picha." Yeye na wenzake watatu, wote vijana wa Kisauni wanaotafuta riziki Nairobi, wana pesa za chama walizochanga kwa miaka miwili. Wataka kumnunua na kumshusha Mombasa kabla ya msimu wa Disemba, awe akipandisha wageni ufuoni. Dalali ameshawaambia kuna mtu mwengine anamtaka, kwa hivyo waamue kabla ya Jumapili.

Nilimwambia asitoe hata shilingi ya kushikia mpaka tuzungumze. Tulizungumza usiku ule, na siku nyingi baada yake. Kwa kuwa yeye si wa kwanza kuniuliza, na najua hatakuwa wa mwisho, nimeona niyaandike hapa yale niliyomwambia.

Kwanza tujue farasi hawa watoka wapi. Mbio za farasi nchini zinaendeshwa na Jockey Club of Kenya katika uwanja wa Ngong. Zamani uwanja ulikuwa huku huku Eastlands. Barabara ya Racecourse ipitayo karibu na Kariokor ilipata jina lake hapo, na mbio zilihamia Ngong Road mwaka 1954. Wanaokimbia pale ni farasi wa kizazi kimoja, kile kilichotengenezwa Uingereza kwa kuchanganya majike yao na madume kutoka nchi za mashariki. Mmoja wa madume hao alinunuliwa Halab, Syria, akafika Uingereza mwaka 1704, na wengi mno wa farasi wa mbio duniani leo nasaba yao yarudi kwake. Kwa hivyo mwenye kuona fahari akimtazama farasi yule nasaba haimkatazi. Lakini nasaba haibebi mgeni ufuoni. Kinachobeba ni miguu.

Farasi hawa huanza kukimbia wakiwa na miaka miwili tu, mifupa haijakomaa. Wakifika minne, mitano au sita, wengi wameshamaliza kazi. Farasi aweza kuishi miaka ishirini na mitano na zaidi. Hesabu mwenyewe: anastaafu kabla hajafika robo ya umri wake, na mwenyewe hataki kuendelea kumlisha mnyama asiyeshinda. Ndiyo sababu huuzwa rahisi, mara nyingine hutolewa bure kwa mtu atakayemtunza. Bei ile ndogo ndiyo iliyowatia tamaa vijana wangu. Mimi nawaambia bei ndogo ni swali, na swali lenyewe ni hili: kwa nini ameachishwa?

Sababu ni mbili kubwa. Ama hana mbio, ama ameumia. Farasi aliyestaafu kwa sababu ni mzito wa mbio, kila siku anakuja wa saba au wa nane lakini anarudi bandani na miguu yake minne, huyo ndiye wa kumtafuta. Wenye farasi humcheka, lakini kwa mpandaji wa kawaida ni hazina. Aliyeshinda mbio kubwa mara mbili kisha akapotea uwanjani mwaka mzima, huyo mfikirie mara tatu. Habari hizi si siri. Mbio huandikwa, na farasi wa mbio ana pasi yake yenye jina, wazazi, tarehe ya kuzaliwa na mchoro wa alama zake zote, hata vizunguko vya nywele kwenye paji la uso. Omba pasi. Linganisha mchoro na mnyama aliyesimama mbele yako. Kisha uliza amekimbia mara ngapi, mara ya mwisho lini, na kati ya mbio na mbio alipumzika muda gani. Pengo refu lina habari yake. Mwenye kuuza akikwambia pasi imepotea, ondoka.

Umri wautazama mwenyewe kwa meno, kama tunavyotazama mbuzi wa kuchinja Idd kubwa. Farasi hubadilisha meno ya mbele ya kati akiwa na miaka miwili na nusu, yanayofuatia mitatu na nusu, na ya pembeni minne na nusu. Akifika mitano mdomo umejaa. Baada ya hapo kusoma meno ni kukisia, na watu hukosea, kwa hivyo tarehe ya pasi ndiyo ya kushika.

Sasa tuje kwenye miguu, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi watu wa Pwani tumekulia na punda. Lamu punda ni gari, ni lori, na wana hospitali yao tangu mwaka 1987. Mtu wa Lamu humjua punda mzima kwa kumtupia jicho tu. Ujuzi huu mzuri ndio unaotuponza kwa farasi, maana twadhani farasi ni punda mrefu. Sivyo. Punda ni mwepesi, mwendo wake wa pole, kwato zake ngumu. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500 juu ya miguu myembamba kama ya paa, na alipokuwa akipiga shoti kulikuwa na wakati uzito wake wote ulitua juu ya mguu mmoja wa mbele.

Nyuma ya mguu wa mbele, kutoka gotini kushuka mpaka kifundoni, kuna kano zinazoshuka kama kamba za tanga. Ndizo zinazomdaka farasi asianguke kila anapokanyaga. Farasi wa mbio zikimkatika nyuzi zake, hata chache, kazi imekwisha. Zitapona, ndiyo, baada ya miezi mingi, pengine mwaka, lakini pale palipopona huwa kovu, na kovu halinyumbuki kama kano ya asili. Akitiwa kazi nzito hupasuka pale pale au karibu na pale.

Namna ya kupapasa ni hii. Nenda asubuhi na mapema, kabla hajatolewa bandani, na usitoe taarifa ya saa. Farasi mwenye maumivu madogo huwa mgumu akiamka, kisha akitembezwa nusu saa anafunguka na kuonekana mzima. Mwenye kuuza mjanja atakuwa ameshamtembeza kabla hujafika. Ukifika, simama ubavuni kwake, si nyuma, na uteremshe kiganja chako taratibu nyuma ya mguu. Kano nzima ni kama kamba iliyovutwa: nyembamba, imenyooka, baridi, unaweza kuishika kwa vidole ukaitofautisha na mfupa. Kano iliyoumia ina unene, ina tumbo kama upinde, au ina joto. Pima mguu wa kushoto na wa kulia kwa wakati mmoja, maana joto hulijui mpaka ulilinganishe. Kisha inua mguu, ukunjike, ubonyeze kano kwa kidole gumba kipande kwa kipande. Akishtuka pahali pamoja, rudia. Akishtuka tena pale pale, umeshapata jibu.

Halafu magoti na vifundo. Uvimbe laini kama mfuko wa maji kwenye kifundo wengi wanao na hauwaumizi. Uvimbe mgumu wa mfupa kwenye upande wa ndani wa mguu, chini ya goti, mara nyingi ni wa ujanani na umeshapoa. Goti lililovimba mbele, na likikunjwa haliendi mpaka mwisho, hilo ni jambo jengine. Pengine mna kipande cha mfupa kilichomeguka ndani, na kila hatua kinasaga.

Kwato nazo wengi huzisahau. Farasi wa mbio huvishwa viatu vyepesi vya aluminiamu, na kwato hukatwa mbele kuachwa ndefu, visigino vikalala. Tazama kama kwato mbili za mbele ni sawa kwa ukubwa. Ukwato mmoja ukiwa mwembamba na umesimama kuliko mwenzake, maana yake farasi amekuwa akiuepuka mguu ule kwa muda mrefu. Misumari ya viatu ikiwa imevunjavunja ukuta wa ukwato, hutampata mtu wa kumvisha viatu ufuoni akaviacha vikae. Na Mombasa watu wanaojua kuvisha farasi viatu ni wachache, wakati kazi hiyo yatakiwa kila baada ya wiki sita hivi.

Ukimaliza kupapasa, mwambie saisi amtoe. (Saisi, kwa vijana wasiolijua neno, ni mtunza farasi. Ukitaka kujua ukweli wa farasi, kaa na saisi unywe naye chai. Dalali humjua farasi kwa siku moja, saisi amelala naye.) Atembezwe kwenye lami au sakafu ngumu, moja kwa moja, kamba ikiwa imelegea kichwa kiwe huru. Kisha aende mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, kwenda na kurudi. Usitazame miguu. Tazama kichwa. Farasi anayeumwa na mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapogusa chini, na hukiteremsha anapotua kwenye mguu mzima. Anayeumwa nyuma utamuona kiuno chake kimoja kinapanda kuliko kingine. Funga macho pia usikilize: hatua za matiti ni mbili mbili, sawa kama saa. Moja ikichelewa, kuna kitu. Kisha azungushwe kwa kamba, kulia na kushoto, kwenye ardhi ngumu. Kasoro iliyojificha kwenye mstari mara nyingi hujitokeza kwenye mzunguko.

Haya yote yawezekana kufanywa na mtu asiye daktari, na lengo lake ni moja, kukuokoa na gharama ya kumwita daktari kwa farasi ambaye hata wewe waweza kumkataa. Akipita mikononi mwako, hapo sasa mwite daktari wa mifugo. Awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, awe amezoea farasi, na awe wako. Nasema awe wako kwa sababu yule anayemtibu farasi huyo kila siku ana mteja, na mteja wake si wewe. Hata akiwa mtu mwaminifu kabisa, usimtie kwenye mtihani huo.

Daktari atamsikiliza moyo akiwa ametulia, ambao kwa farasi hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Atatazama macho gizani kwa tochi. Atakunja kila mguu na kuushikilia kama dakika moja, kisha farasi akimbizwe matiti papo hapo, maana kiungo chenye shida hulalamika kikishaminywa. Atataka apandwe au azungushwe mpaka ahemwe, asikilize pumzi. Farasi wengine wa mbio hukoroma wakivuta pumzi, sauti kama msumeno, kwa sababu mshipa wa fahamu unaofungua upande wa kushoto wa koo umekufa. Wengine hutokwa damu mapafuni wakipiga shoti. Kwa kazi ya kutembeza watu ufuoni hili la pumzi laweza kuvumilika likiwa dogo. Kisha farasi apumzike, na mwisho akimbizwe matiti tena baada ya kupoa. Kano ikitiliwa shaka hupigwa picha kwa mashine ile ile ya mawimbi ya sauti inayotazama mtoto tumboni mwa mama. Viungo hupigwa eksirei.

Na mwambie achukue damu aiweke. Hapa naandika kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita niliwahi kununua farasi kwa mtu, nimtajie nini, aliyenionyesha mnyama akicheza matiti kama anayekanyaga godoro. Nikalipa, nikamchukua. Siku ya sita hawezi kuweka mguu chini. Alikuwa amepewa dawa ya maumivu, unga unaotiwa kwenye chakula, na dawa ilipokwisha mwilini maumivu yakarudi nyumbani. Nilipompigia mwenye kuuza akaniambia nimemvunja mimi. Sikuwa na karatasi, sikuwa na shahidi, sikuwa na damu. Damu iliyowekwa kwenye friji ya daktari siku ya ukaguzi ingesema. Mara nyingi hata haihitaji kupimwa: mwenye kuuza akijua kwamba itachukuliwa, lugha yake hubadilika.

Mpaka hapa ni farasi yeyote na mnunuzi yeyote. Lakini swali la vijana wa Lucky Summer si kama farasi yule ni mzima. Ni kama ni mzima kwa Mombasa. Hapa ndipo hata daktari wa Nairobi asipoambiwa kazi aendayo farasi, aweza kukupa karatasi safi ikakuumiza.

Mchanga kwanza. Mchanga mbichi, mgumu, ule uliobanwa na maji yakipwa, ni njia nzuri kuliko lami. Mchanga mkavu wa juu, ule unaozama, ni adui wa kano. Kila hatua kisigino kinazama, kano inavutika kupita kiasi, kisha inavutwa tena kumtoa. Farasi mwenye kovu kwenye kano aweza kuishi salama miaka kumi Karen akitembea kwenye nyasi, na akapasuka wiki ya pili pale Bamburi. Na wageni hawapangi likizo kwa kufuata maji. Maji yakijaa saa sita, ufuo mgumu haupo, na mgeni ana pesa mkononi. Nani atamwambia arudi jioni?

La pili ni joto. Ngong Road ni zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa kavu, usiku baridi. Farasi, kama sisi, hujipoza kwa jasho. Akishushwa kwenye joto lenye unyevu la Pwani hutoka jasho usiku na mchana, na wengine baada ya wiki au miezi mwili huchoka, jasho linakatika kabisa. Ngozi inakuwa kavu, farasi anahema kama mbwa baada ya kazi ndogo, joto la mwili linapanda na halishuki. Waingereza waliopeleka farasi wao India waliliona jambo hili zamani, na mpaka leo dawa yake ya hakika ni kumrudisha penye baridi. Huwezi kulipima Nairobi kabla ya kununua. Unachoweza ni kumleta miezi ya baridi, wakati wa kusi, umzoeshe pole pole, na kazi iwe alfajiri na jioni. Kumleta Novemba kwa ajili ya Disemba ni kumtupa jikoni.

La tatu ni maradhi. Kuna ugonjwa wa virusi wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na vijidudu vidogo kuliko mbu viumavyo magharibi na alfajiri. Farasi asiye na chanjo akiupata ule wa mapafu, mara nyingi hufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Punda na pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili kubwa, kwa hivyo farasi wako kuwa jirani na punda wenye afya hakumaanishi usalama. Chanjo ipo na hutolewa kila mwaka, nayo huchukua wiki kadhaa kushika. Tazama kwenye pasi kama imeandikwa na daktari, tarehe na sahihi. Na magharibi awe ndani ya banda lenye wavu. Ongeza kupe, ongeza mbung'o kwa wale wanaofikiria kumuweka upande wa Shimba Hills.

Kisha tumbo. Farasi hawezi kutapika. Akilishwa majani chini kwenye mchanga, humeza mchanga kidogo kidogo, unajikusanya matumboni mpaka siku anajitupa chini akigaragara. Mlishe kwenye hori au juu ya turubai. Ukitaka kujua kama anameza mchanga, chukua kinyesi chake, koroga kwenye ndoo ya maji, mwaga taratibu, tazama kilichobaki chini.

Na ngamia! Karibu nisahau. Ufuo wetu una ngamia, na farasi asiyewazoea huweza kuruka kwa harufu yao tu. Wayunani wa kale wanasimulia mfalme wa Uajemi aliyeshinda vita kwa kutanguliza ngamia mbele ya jeshi la farasi. Mgeni wako aliyepanda farasi mara ya kwanza maishani hatashinda vita hiyo.

Hili lanileta kwenye tabia. Farasi wa mbio amefunzwa, lakini amefunzwa kazi nyengine. Joki humpanda kwa kuinuliwa na mtu, hakanyagi kikuku kutoka chini, kwa hivyo mgeni akianza kujivuta juu farasi huenda akaondoka naye akiwa nusu njia. Ukivuta hatamu, wewe wamaanisha simama. Yeye amezoea kuiegemea na kuongeza mbio. Miguu ya joki iko juu, kwa hivyo ukimbana kwa miguu ubavuni hajui wasema nini. Kumbadilisha yataka mtu mjuzi na miezi: kwanza mapumziko, nafaka ipunguzwe, viatu vibadilishwe, kisha afunzwe upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwenye kuuza akisema "ametulia", mpande mwenyewe au mlete anayeweza, kwanza pamoja na farasi wengine kisha peke yake. Tazama pia akiwa bandani. Anayeuma ubao na kumeza hewa, au anayeyumba kichwa kulia na kushoto kutwa nzima, ana mazoea ya upweke ambayo hayamtoki kwa urahisi.

Kwa maoni yangu, farasi wa mbio ni mnyama wa mpandaji mwenye ujuzi. Kwa kupandisha watoto na wageni wasiojua kitu, farasi mfupi mzee aliyechoka na dunia ni bora mara kumi, hata kama bei yake ni ya juu zaidi. Na uzito tusiuonee haya: farasi wa kilo 450 asibebeshwe zaidi ya kilo 90 hivi, mtu pamoja na tandiko. Wageni wetu wengine wanapita hapo.

Kijana aliniuliza, "Ami, kwani chakula ni bei gani?" Nikamwambia tuhesabu. Farasi mmoja hula kama kilo kumi za nyasi kavu kwa siku, kilo mia tatu kwa mwezi. Robota la boma Rhodes lina kilo 15 hivi, kwa hivyo ni marobota 20 kila mwezi, na nyasi nzuri nyingi zatoka bara, kwa hivyo walipa na lori. Maji lita 30 hadi 45 siku ya kawaida, na Pwani zaidi. Chumvi. Dawa ya minyoo. Viatu. Saisi na mshahara wake. Haya yapo mwezi wa Mei mvua ikinyesha na ufuo mtupu, kama yalivyokuwapo Disemba. Kusafirisha ni kilomita karibu 480, pamoja na kibali cha afisi ya mifugo cha kuhamisha mnyama, na lori liwe na mtu anayejua kusimama kila baada ya saa chache kumnywesha. Walikuwa wamepanga kumuweka Lucky Summer wiki mbili kwanza, kwenye kiwanja cha rafiki yao cha kuoshea magari. Hapo nilipandisha sauti kidogo.

Kuhusu makubaliano, sisi wengi tuna dini inayomlazimu mwenye kuuza kutaja aibu ya bidhaa, na inayompa mnunuzi haki ya kurudisha akikuta aibu iliyofichwa. Sheria ya nchi ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo ina ulinzi wake. Lakini haki isiyoandikwa ni mjadala wa barazani. Andikeni: farasi huyu, nambari hii ya pasi, anauzwa kwa kazi ya kupandwa ufuoni, mwenye kuuza hajui maradhi wala jeraha isipokuwa haya, na hajapewa dawa ya maumivu ndani ya siku kadhaa zilizopita. Malipo yafuate ukaguzi wa daktari, siyo kutangulia.

Alhamisi ile kijana alitoka Lucky Summer kabla ya Alfajiri, akabadilisha matatu mjini, akafika bandani saisi akigawa nyasi. Alipapasa. Akanitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona: "Ami, wa kushoto una moto." Akanitumia na video ya farasi akienda matiti kwenye lami. Kwenye mstari sikuona kitu. Alipozungushwa kushoto kichwa kilianza kupanda na kushuka. Daktari alikuja Jumamosi na mashine yake, na akakuta jeraha la zamani kwenye kano, na jipya dogo juu yake.

Dalali alipunguza bei papo hapo, karibu nusu. Hapo ndipo chama kilipogawanyika. Wawili wakasema kwa bei ile hata akichechemea kidogo atalipa kabla ya Februari. Wawili wakakataa. Walizungumza chumbani kwa mmoja wao mpaka saa nane za usiku, nami nikiwa kwenye simu, na nilichowauliza ni swali moja: Februari ikifika hawezi tena kusimama, nani kati yenu atabaki naye miaka kumi na tano, au nani atamwita daktari amlaze? Hakuna aliyejibu. Asubuhi walimrudishia dalali simu wakakataa.

Sasa wanamtazama jike wa miaka saba, mzito wa mbio, amekimbia mara nyingi na hakuwahi kushinda hata mara moja. Pasi ipo, chanjo imeandikwa. Ukaguzi ni Jumanne ijayo, na akipita atabaki huko huko bara kwenye banda la kulipia, afunzwe, ashuke Pwani Juni wakati wa kusi. Disemba hii wameikosa. Yule mwekundu nasikia ameshauzwa. Aliyemnunua amempeleka wapi, hawakuambiwa.